Escudo: breki imezama nikishuka bandarini Mkoani, Pemba, baada ya nusu saa ikarudi wenyewe. Ni mafuta ya breki au ni nini?

#1 Mtambile_Kati
Assalamu alaykum. Nimewauliza mafundi watatu wamenipa majibu matatu, ndiyo maana nimekuja hapa.

Juzi asubuhi nilikuwa nampeleka mama mkwe kuwahi boti Mkoani. Gari ni Suzuki Escudo ya gia otomatiki, breki za mbele diski, za nyuma dramu. Ndani tuko watu sita, buti lina mikungu mitatu ya ndizi na mafenesi mawili. Tumetoka Mtambile vizuri tu. Kufika ule mteremko wa mwisho wa kuingia bandarini, mbele yangu ipo gari ya shamba inatambaa, kwa hivyo mguu ulikuwa juu ya breki muda wote. Mara pedeli ikawa laini, nakanyaga kama nakanyaga godoro, mara ikagusa zulia. Nikapampu mara tatu nne ikashika nusu. Kilichonisimamisha ni handibreki na gia ya L, ile ya chini kabisa. Mama mkwe anasoma Ayatul Kursiyyu kwa sauti.

Nikakaa nusu saa nikanywa chai. Kujaribu tena, breki ngumu, kama hakikutokea kitu. Nimerudi nayo mpaka nyumbani.

Nimefungua kikopo cha mafuta ya breki, mafuta meusi kama kahawa ya barazani. Gari huu mwaka wa nne ninayo, sijabadilisha, nimeongeza mara moja tu. Fundi wa mwanzo kasema mafuta yamechemka. Wa pili, masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedeli. Wa tatu, pedi za bandia. Dukani nimepewa mafuta ya DOT 3, jirani kaniambia rudisha uchukue DOT 4, mwanawe kaniambia DOT 5 ndiyo ya mwisho kwa ubora. Nifate lipi?

#2 Pweza_Mkavu
Suali la mwanzo: mama mkwe kafika salama?

#3 Mtambile_Kati
Kafika. Kanipigia simu kuniambia siku ya kurudi atapanda daladala.

#4 Gereji_Kwerekwe
Waalaykum salaam. Mie nimeshika spana tangu enzi za gari za chai maharage. Hilo lako mafuta yamechemka, basi.

Mafuta ya breki yananyonya maji ya hewani, ndivyo yalivyo. Maji yanaingia kwenye katundu ka kifuniko, yanaingia hata kupitia kwenye mipira inayokwenda kwenye magurudumu. Na hewa ya kwetu unaijua, chumvi yenyewe jikoni haimwagiki masika. DOT 3 mpya inachemka nyuzi 205. Ikishanyonya maji, inashuka mpaka 140. DOT 4 mpya 230, iliyonyonya 155. Wewe umeshika breki mteremko mzima, kalipa, zile zinazobana pedi kwenye diski, zimepata moto, maji yaliyomo yamegeuka mvuke. Mafuta hayabonyei, mvuke unabonyea. Mguu wako ukawa unabana mvuke badala ya kusukuma pedi. Umekaa, zimepoa, mvuke umerudi kuwa maji, breki ikarudi. Masta silinda mbovu haiponi kwa chai.

#5 Kibandani_Chwaka
Yakhe, kuchemka kwa mlima gani? Mlima wowote wa Pemba hautimii mita 150. Watu wanateremka Lushoto na magari mabovu kuliko hilo wanafika Mombo na breki zao. Mie naunga mkono masta silinda.

#6 Karafuu_Mbichi
@Kibandani_Chwaka umewahi kufika Pemba wewe, au unaijua kwa ramani? Huku njia inapanda inashuka, inapanda inashuka, mguu haupumziki. Nyinyi Unguja mkiona Masingini mnasema mlima.

#7 Fizikia_Skuli
Ninasomesha, kwa hivyo nimeshindwa kujizuia, nimechukua kalamu. Gari na watu sita na ndizi, tuseme kilo 1,700. Mteremko tuseme mita 50 za wima, sijaupima. Nguvu inayotakiwa kumezwa: 1,700 × 10 × 50, ni juli 850,000. Diski mbili za mbele, tuseme kilo 6 kila moja, jumla 12. Kilo moja ya chuma inataka kama juli 460 kupanda nyuzi moja. Ukigawa, diski zinapanda nyuzi 154. Ongeza 30 za asubuhi yetu, unapata 184.

Hapo nimechukulia joto lote limeingia diski za mbele na hakuna lililotoka. Nyuzi 184 haziwezi kuchemsha DOT 3 mpya. Za kuchemsha mafuta ya miaka minne zinatosha.

#8 Kibandani_Chwaka
Maalim, hisabu yako nzuri lakini umeikopesha. Dramu za nyuma hazikufanya kazi? Injini haikushika hata kidogo? Upepo je? Halafu 184 ni za diski, mafuta yamo ndani ya kalipa nyuma ya pistoni, hayagusi diski. Toa hizo zote uone kama unafika hata 140.

#9 Fizikia_Skuli
Kweli tupu. Lakini na wewe umeanza hisabu pale mlimani. Yeye katoka Mtambile, diski zilikuwa za moto tayari. Nikizijua za moto kiasi gani nitakupa jibu.

#10 Wawi_Boy
Escudo watu sita?

#11 Mtambile_Kati
@Wawi_Boy watoto wawili huhisabiwa mtu mmoja.

#12 Bi_Mkeka
Nina gari ya watalii Paje, miaka saba sasa, na breki imeshanilia pesa, basi sikilizeni na mwanamke.

Kaka yangu, kabla hujashughulika na DOT gani, muulize aliyekuongezea mara ile ya mwanzo alitia nini. Shemegi yangu alikuta kikopo kimeshuka, akatwaa mafuta ya stelingi power, ya kulainishia usukani, yaliyobaki gereji akajaza. Yote ni mafuta, ati. Siku mbili breki nzuri. Ya tatu gari inakwenda imeshikwa, nasimama taa za Amani naisikia harufu, rimu huwezi kuweka mkono. Raba zote zilikuwa zimevimba, za masta silinda, za kalipa, za nyuma. Ilibidi kubadilisha kila penye raba na kuosha mabomba. Tone moja la mafuta ya asili ya petroli humo ndani ni sumu.

Ukitaka kujua, tia mafuta ya kikopo kidogo kwenye glasi ya maji. Ya breki yanachanganyika na maji. Yakielea juu, mmetiliwa mengine.

#13 Gereji_Kwerekwe
@Bi_Mkeka umesema kweli, na hilo la glasi mie silifanyi siku hizi kwa uvivu tu. Ahsante.

#14 Dogo_Vitz
Kwa nini asitie DOT 5 akamaliza? Namba kubwa, ubora mkubwa. 3, 4, 5.

#15 Baharia_Mstaafu
@Dogo_Vitz namba hizo si madaraja ya skuli. DOT ni Wizara ya Uchukuzi ya Marekani, wao ndio walioweka viwango. 3, 4 na 5.1 ni ndugu, zote asili yake glaikoli, zinachanganyika. DOT 5 ni silikoni, mara nyingi ina rangi ya zambarau, haichanganyiki na hao wengine. Ilitumika kwenye magari ya jeshi la Marekani na pikipiki za Harley-Davidson za zamani. Hainyonyi maji, na watu hapo ndipo wanapodanganyika: maji yakiingia hayapotei, yanakaa vidimbwi chini kwenye kalipa, yanaozesha chuma, na yanachemka kwa nyuzi 100 kama ya birika. Kwenye gari zenye ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasigande ukifunga breki, ndiyo usiiguse kabisa.

5.1 ni kitu chengine, ni glaikoli, 260 ikiwa mpya na 180 ikishanyonya. Kinachowachanganya watu ni hiyo nukta.

Na fundi wa #4, hizo 205 na 230 ni kiwango cha chini kinachotakiwa ili chupa iruhusiwe kuandikwa hivyo. Nyingi zinazidi. Na 140 ni pale mafuta yakiwa na maji asilimia 3.7, ndivyo wanavyopima. Ya miaka minne ya Pemba yanaweza kuwa na maji zaidi, yanaweza kuwa na kidogo. Bila ya kipimo huwezi kusema.

#16 Dogo_Vitz
Kwa hivyo 5 mbaya, 5.1 nzuri. Mzungu ana matatizo.

#17 Pweza_Mkavu
Mie mwenzangu nyumbani anasema "maji ya breki". Siku moja kijana alimtilia maji ya mfereji, alivyoagizwa ndivyo alivyofanya.

#18 Gereji_Kwerekwe
Usicheke @Pweza_Mkavu, nimeshaletewa gari kama hiyo. Pistoni zilikuwa na kutu mpaka tukazitoa kwa nyundo.

Kwa Escudo ya mwenzetu: soma kifuniko. Kikisema DOT 3, DOT 3 yatosha na DOT 4 inaruhusiwa, haitodhuru kitu. Chupa za Kijapani nyengine zimeandikwa BF-3, hiyo ni DOT 3. Mie kwa gari inayobeba ndizi na mama mkwe ningetia DOT 4. Lakini DOT 4 si ya kusahau miaka minne. Miaka miwili, mwaga.

#19 Kengeja_Kwetu
Hivi hamuoni kitu? Dramu! Dramu ikipata moto inapanuka, inakimbia viatu vya breki. Viatu vya nyuma kama havijabanwa sawasawa, pedeli inabidi isafiri mbali ndipo vifike. Ikipoa dramu inarudi, pedeli inarudi juu. Inaeleza kila kitu: imezama ya moto, imerudi ya baridi, na alipopampu ikashika nusu. Mafuta wala hayamo. Yangu ilikuwa hivyo hivyo, nimebana viatu nyuma, mwaka wa pili huu.

#20 Kibandani_Chwaka
Haya, sasa tuna jibu la nne.

#21 Gereji_Kwerekwe
@Kengeja_Kwetu dramu itakupa pedeli ndefu, haitakupa godoro. Yeye kasema laini.

#22 Kengeja_Kwetu
Mtu anateremka na mama mkwe anasoma Ayatul Kursiyyu, atajua ndefu na laini?

#23 Mtambile_Kati
Nilijua. Ilikuwa laini. Ilikuwa ndefu vile vile.

#24 Baharia_Mstaafu
Fundi wa pedi za bandia mumwache. Pedi zikiungua pedeli inabaki ngumu, unakanyaga kwa miguu miwili na gari haisimami. Ya kuzama si hiyo.

Ndugu wa Mtambile, fanya kitu kimoja hakina gharama. Gari imesimama, injini inawaka, kanyaga breki kwa nguvu ya kawaida ushikilie dakika nzima. Usipampu. Ikizama pole pole mpaka chini, raba za masta silinda zinapitisha. Ikisimama pale pale, masta yako nzima.

#25 Mtambile_Kati
Nimefanya. Imezama.

Lakini kidogo. Nimeweka kijiti nyuma ya pedeli kupima. Dakika ya kwanza imekwenda kama upana wa kidole, halafu ikasimama. Nimerudia mara tatu: mara mbili imezama kidole, mara moja haikuzama kabisa. Na kikopo kimeshuka chini ya alama ya juu tangu nilipoongeza, si sana.

#26 Kibandani_Chwaka
Masta silinda. Nilisema.

#27 Gereji_Kwerekwe
Kidole kimoja halafu ikasimama si masta silinda. Mafuta yenye upepo hufanya hivyo hivyo. Na kikopo kushuka ni pedi zimeisha, pistoni zimetoka nje, mafuta yamefata.

#28 Bi_Mkeka
Au mafuta yanavuja nyuma ndani ya dramu, na nje huyaoni. Mvue tairi.

#29 Mpaka_Konde
Mnasahau bahari. Gari ya Pemba inakaa na chumvi mwaka mzima. Zile pini ambazo kalipa inateleza juu yake zinaota kutu, kalipa inaganda, pedi moja inabaki imegusa diski safari nzima. Hapo Maalim anapata joto lake analolitafuta. Umefika leo safari? Usipoze, weka mkono karibu na kila rimu, usiguse. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, ndiyo hiyo.

#30 Fizikia_Skuli
@Mpaka_Konde hili ndilo lililokosekana kwenye hisabu yangu. Kalipa moja inayoburura toka Mtambile inabadilisha kila kitu. @Kibandani_Chwaka?

#31 Kibandani_Chwaka
Nipo. Nasubiri rimu.

#32 Mlandege_Mdogo
Nichomeke suali langu: mafuta yakiwa meusi ndiyo yameharibika? Yangu ya Noah ni meusi na breki kama jiwe.

#33 Baharia_Mstaafu
Weusi unaweza kuwa wa raba zinazolika, unaweza kuwa wa uzee. Maji hayana rangi. Yanaweza kuwa ya njano safi na yamejaa maji. Kipo kifaa kama kalamu unakichovya kinawasha taa, si sahihi sana lakini ni bora kuliko jicho. Kama huna, hisabu miaka.

#34 Mlandege_Mdogo
Shukran. Nina nusu chupa ya mwaka juzi kabatini, nitie hiyo?

#35 Bi_Mkeka
Mwaga! Chupa ikishafunguliwa inanyonya humo humo kabatini. Na ukimwaga usimwage karibu na gari. Mie tone lilianguka juu ya bonati, nikasema nitafuta baadaye. Baadaye rangi ilivimba kama andazi, ikatoka yenyewe. Likidondoka, maji mengi hapo hapo.

#36 Vespa_ya_Babu
Mie nina Vespa ya babu, breki za waya. Hainyonyi maji, haichemki. Karibuni.

#37 Wawi_Boy
Na haisimami.

#38 Vespa_ya_Babu
Inasimama. Inachukua muda kufikiri.

#39 Mtambile_Kati
Nimekwenda Chake na kurudi. Rimu ya mbele kulia ni ya moto waziwazi kuliko kushoto. Za nyuma zimelingana. Fundi anakuja Jumamosi baada ya adhuhuri. Nimwambie aanze wapi kutoa upepo? Huyu anapenda kuanza mbele.

#40 Gereji_Kwerekwe
Gari yako ya usukani kulia, masta silinda iko kulia. Anza gurudumu la mbali kuliko yote: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mwisho mbele kulia. Kwanza anyonye ya kikopo kwa sindano, apanguse uchafu wa chini, ajaze mapya. Halafu wewe unakanyaga na kushikilia, yeye analegeza nipo (ile skrubu ya kutolea upepo), mafuta yanatoka, anakaza, ndipo uachie. Ukiachia kabla hajakaza umevuta upepo ndani. Mrija wa plastiki uwe umezama kwenye chupa yenye mafuta kidogo, aone vipovu. Apige mpaka yatoke safi kama chai ya rangi nyepesi. Nunua chupa mbili za nusu lita.

Kila mara kumi ya kukanyaga tazama kikopo. Kikikauka katikati ya kazi mnaanza upya.

#41 Baharia_Mstaafu
Na kama gari ina ABS kikikauka, upepo unaweza kuingia kwenye pampu ya ABS na hapo utatafuta mashine ya kuusoma mfumo, spana haitoshi. Mpangilio wa magurudumu si mmoja kwa gari zote, zipo ambazo mabomba yamekatwa mshazari. Kwa Escudo huo wa fundi ni sawa. Prius na haiburidi nyengine, zile za petroli na umeme, hata msijaribu uwanjani.

#42 Kengeja_Kwetu
Na akifika nyuma abane viatu. Nasema tena.

#43 Karafuu_Mbichi
Hamjamwambia ashuke kwa gia ya 2. Wenye otomatiki wa Pemba wote wanashuka kwa D, mguu juu ya breki toka juu mpaka chini, halafu wanalaumu mafuta. Injini ishike, mguu uwe wa kukanyaga na kuachia.

#44 Pweza_Mkavu
@Karafuu_Mbichi gia ya 2 inapiga kelele, mama mkwe atasema gari mbovu.

#45 Mtambile_Kati
Nimerudi, wapendwa. Jumamosi imekwisha, nimechafuka mpaka masikioni.

Tumeanza nyuma kushoto. Tumefungua dramu, kile kiraba cha vumbi cha wili silinda (pampu ndogo ya ndani ya dramu) tumekibenua kwa bisibisi, ndani kumelowa. Halijadondoka tone, kumelowa tu. Viatu vya nyuma vilikuwa mbali kweli, fundi kabana mibofyo kumi na moja upande mmoja, tisa upande mwengine. Mbele kulia pini ya chini ya kalipa ilikuwa imeganda, tumeitoa kwa kuizungusha na mafuta ya kutu kama robo saa, imetoka na kutu nyekundu. Mafuta ya mwanzo yaliyotoka kwenye ile kalipa ya kulia meusi kabisa, na vipovu vidogo vidogo viwili vitatu kwenye mrija. Sijui vilikuwa ndani au vimeingia tulipolegeza nipo. Glasi ya Bi Mkeka nimefanya: yamechanganyika na maji, kwa hivyo ni mafuta ya breki kweli.

Tumetia DOT 4, nipo zote nne, raba mpya za wili silinda ya nyuma kushoto, pini zimesafishwa na kutiwa grisi yake. Masta silinda hatujaigusa. Pedeli iko juu, ngumu. Nimeshuka bandarini mara mbili, peke yangu, gia ya 2.

#46 Gereji_Kwerekwe
Alhamdulillah. Vipovu kwenye kalipa ile ile ya moto. Mafuta yalichemka.

#47 Kengeja_Kwetu
Mibofyo kumi na moja! Kumi na moja! Pedeli ilikuwa inasafiri mpaka Kenya.

#48 Mpaka_Konde
Pini. Bila ya ile pini mafuta yangekuwa yanachemka kwa nini?

#49 Kibandani_Chwaka
Masta silinda haijafunguliwa. Mie sijashindwa. Fanya lile jaribio la dakika moja tena.

#50 Mtambile_Kati
Nimefanya. Mara nne. Mara tatu imesimama, mara moja imekwenda nusu kidole.

#51 Kibandani_Chwaka
Ehee.

#52 Fizikia_Skuli
Kwa heshima zote, mmebadilisha vitu vinne siku moja, halafu mmeshusha gari tupu kwa gia nyengine. Hapo hakuna atakayejua kilikuwa kipi. Ilibidi uzito uwe ule ule.

#53 Pweza_Mkavu
Mama mkwe anarudi lini? Amfate Mkoani, ampandishe mpaka Mtambile kisha amteremshe tena, na mikungu mitatu, Maalim apate jibu lake.

#54 Mtambile_Kati
Ijumaa. Nimempigia kumwambia breki zimetengenezwa na nitamfata bandarini. Kasema atapanda daladala ya Chake, nimsubiri njia panda.